Kupanda Baada ya Mama Mkwe

Nataka kukueleza habari za Adhiambo, na sitakuharakisha, maana yeye mwenyewe mwaka huo hakuharakishwa na kitu chochote.

Adhiambo ni mama wa makamo anayefanya kazi kwenye makao ya wazee. Nyumba yake iko Jakobsberg, pembeni mwa Stockholm huko Uswidi, na shamba lake liko Spånga, mwendo mfupi tu kwa treni. Nikisema shamba usifikirie ekari. Ni kipande cha ukubwa wa sebule mbili, kimebanwa katikati ya vipande vingine vya namna hiyo hiyo, kila kimoja na kibanda chake cha mbao na pipa la kukingia mvua. Ardhi ni ya mji, watu wanakodishwa tu. Lakini mumewe, Oduor, aliingoja foleni ya kipande kile miaka na miaka, na siku alipokabidhiwa ufunguo wa lango alimpigia mama yake simu Alego, kwao Kenya, akamwambia, "Mama, nimepata boma."

Oduor alikufa mwezi wa Januari. Moyo, akiwa kazini. Wakamsafirisha, wakamzika kwao Alego. Adhiambo akazika, akarudi Stockholm, akavaa sare, akaingia zamu. Hakulia Alego wala hakulia Stockholm. Watu wa kanisa walikuja na masufuria ya pilau, wakaimba, wakamtazama usoni wakingoja, wakachoka, wakaenda zao. Akawaoshea masufuria, akawarudishia. Ukimwuliza habari anakujibu nzuri, wala haongopi. Hakuwa na nyingine ya kukupa.

Majirani wakaanza kulima mwezi wa nne. Adhiambo naye alikuja siku zake za mapumziko. Anafungua kibanda, anakaa kwenye kigoda, anautazama udongo, anafunga kibanda, anapanda treni. Magugu yakaota, yakatoa maua ya manjano, yakazeeka.

Mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi, majirani wakiwa wanakata majani ya kupamba mlingoti wanaouzunguka wakicheza siku hiyo, alikuja Gunvor, mama mmoja Mswidi ambaye ni mwenyekiti wa chama cha mashamba yale. Akasimama nje ya uzio.

"Adhiambo, nilisikitika sana kwa ajili ya Oduor. Unajua hivyo."

"Ndiyo."

"Lakini mwezi wa nane tunapita kukagua. Shamba ambalo halijalimwa linakwenda kwa anayefuata kwenye foleni. Mwaka jana tulimtoa mtu, na alikuwa rafiki yangu."

"Ninajua, Gunvor."

"Panda kitu. Hujachelewa kwa vya mwisho wa msimu. Spinachi, figili, kabichi ya majani."

Adhiambo akashukuru. Gunvor akaenda zake kwenye mlingoti.

Sasa, jirani wa shamba la pili ni Maombi, mwanamke wa Bukavu, Kongo, mwenye mdomo wa kutosha watu watatu. Alikuwa amechutama kwenye lengalenga zake, ule mchicha wao, na alikuwa amesikia kila neno.

"Bon," akasema. "Batakunyanganya shamba, weye umekaa tu kwa kigoda kama malkia. Unangoja nini?"

"Mama Oduor hajapanda."

Maombi akasimama. "Mama Oduor gani? Ule wa Kenya?"

Ndipo Adhiambo akamweleza, na mimi nakueleza wewe kama alivyosema. Kwa Wajaluo wanaoshika desturi, mbegu zina zamu. Mama mwenye boma ndiye anayetangulia kutia mbegu ardhini, kisha wake za wanawe wanafuata, mkubwa kwanza, mdogo mwisho. Tangu Adhiambo aolewe, hata huku Ulaya, kila mwaka mama mkwe alimpigia simu akamwambia, "Nimeshatia, tia na wewe." Alego wanapanda mwezi wa tatu, Stockholm theluji haijayeyuka, kwa hiyo zamu haikuwahi kumsumbua mtu. Mwaka huu simu haikupigwa. Mama mkwe hakugusa jembe tangu azike mwanawe.

"Na bale wengine, bake za shemeji zako, banakula nini?"

"Wamekodi shamba ng'ambo ya mto. La kukodi halihesabiki, siyo boma."

Maombi akapiga makofi mara moja. "Ehe! Na hii yako? Si ya kukodi? Haihesabiki! Chukua jembe, mama, tumalize hii maneno."

Adhiambo akautazama udongo.

"Oduor alisema ni boma," akajibu. "Nikisema ni la kukodi, basi huku hana kitu. Kaburi liko Alego. Nguo nimeshagawa."

Maombi akapangusa mikono yake kwenye kanga. "Basi pigia huyo mama simu, umuambie apande."

"Utamwambiaje mama aliyefiwa apande? Ni kumwambia amwache mwanawe."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu, na nataka uuone vizuri. Asipopanda, kipande cha Oduor kinakwenda kwa mtu wa foleni. Akipanda kabla ya mama mkwe, amekigeuza cha kukodi kwa mkono wake mwenyewe. Na akimwomba mama mkwe atangulie, ni kama kumnyanyua kwenye mkeka wa matanga kwa nguvu. Mtu mwingine angelia. Adhiambo alilala vizuri, akaamka, akaenda zamu, akawalisha wazee uji.

Jumapili baada ya kanisa akampigia Owen, mdogo wa Oduor, anayekaa na mama yao.

"Shemeji," Owen akasema, "leo umetukumbuka. Hujambo?"

"Sijambo. Mpe mama simu."

Walizungumza Kijaluo, na si maneno mengi.

"Mama, huku wanataka kutuondoa kwenye shamba. Wamesema tupande, la sivyo wanampa mwingine."

Kuku akapita karibu na simu.

"Unanitoa matangani?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, Mama. Nakuomba ruhusa nipande."

"Ruhusa siyo kitu cha kupewa kwa mdomo. Ni mpaka mimi nitangulie."

"Ninajua."

"Unajua na bado unapiga simu."

"Napiga, Mama. Ndilo boma lake la huku."

Simu ikakatika. Adhiambo akaiweka mezani, akapasi sare ya kesho. Hakupiga tena, na Alego hakuna aliyempigia. Kiangazi kikaendelea, ule mwanga usiokwisha, watu wa Stockholm wakalala kwenye nyasi kama waliopigwa na kitu.

Kisha siku moja akiwa kazini, anamvalisha mzee soksi, simu ikatetemeka. Alikuwa Owen, na alikuwa ananong'ona.

"Shemeji, mama amelima."

"Amelima wapi?"

"Nyuma ya jikoni. Ametoka asubuhi hajamsemesha mtu, akachimba vishimo, akatia kunde. Udongo mkavu, vumbi tupu, mvua hakuna mpaka mwezi wa nane. Mke wangu akamwambia, mama, hizi haziwezi kuota. Unajua amejibu nini? Amesema, sikuzipanda ziote. Nimepanda ili wapande wenzangu."

Adhiambo akamaliza kumvalisha mzee soksi ya pili.

"Kasema niambiwe?"

"Amesema, mwambie yule wa baridi kwamba nimeshatia."

Jioni akashuka Spånga. Akang'oa magugu, akalima, akasawazisha kwa reki. Akatia spinachi mistari mitatu, akatia figili, na kwa Maombi akapata miche ya ile kabichi ya majani yenye kukunjamana, ambayo sisi tunaikatakata na kuikaanga kama sukuma wiki. Maombi alikuwa anaimba, anatoa amri, anamsimulia habari za mke wa mchungaji. Adhiambo aliitika kila palipohitaji kuitikiwa. Nilimwuliza baadaye alihisi nini siku ile, akafikiri kwa uaminifu kabisa, akaniambia mgongo ulimuuma.

Mwezi wa nane Gunvor akapita na wenzake wawili wa kamati. Kwa Adhiambo vitu vilikuwa bado vidogo, ukivilinganisha na vya jirani utaona haya. Gunvor akainama, akagusa spinachi.

"Yangu ilikimbilia juu mwezi wa sita ikatoa maua," akasema. "Jua halishuki, spinachi inadhani dunia inakwisha. Hii yako ina majani tu."

"Nilichelewa."

"Naona. Mwakani na mimi nitachelewa." Akanyooka akiwa ameshika kiuno. "Haya. Tunakwenda kwa Maombi."

Mambo yakaishia hapo. Maombi alingoja kamati ipite kwake, akaja mbio mpaka kwenye uzio.

"Bamekuachia?"

"Wameniachia."

"Na haufurahi?"

"Nafurahi," Adhiambo akasema, kwa sauti ile ile anayokujibia ukimwuliza treni ya saa ngapi.

Mwezi wa kumi, baridi imeshaanza kukaza, mashamba mengi yamebaki matupu. Majani ya Adhiambo yalikuwa yamesimama peke yake, mapana, ya kijani kibichi kilichokolea. Alikuwa anachuma huku amevaa glavu za kazini simu ilipolia. Alikuwa mama mkwe mwenyewe, na si kawaida yake.

"Kunde zangu hazikuota," akasema, bila salamu.

"Owen aliniambia, Mama."

"Zako?"

"Zimeota. Nachuma sasa hivi."

"Zina ladha?"

Adhiambo alikuwa amezipika wiki iliyopita, akala na ugali, akaosha sahani. Akajaribu kukumbuka.

"Sijui, Mama. Tangu Januari sijui ladha ya kitu."

"Hata mimi," mama mkwe akasema. "Wananiwekea sukari kwenye chai, nawagombeza hawajaweka."

Adhiambo akakung'uta udongo kwenye glavu aliyoivua.

"Mwakani usinisubiri," mama mkwe akasema. "Huku kila mtu amechoka kunisubiri. Mimi ni mzee. Naweza kufa kabla ya masika."

"Nitasubiri mpaka waniambie umekufa."

Mama mkwe akatoa sauti fulani puani, halafu simu ikawa mkononi mwa Owen.

"Shemeji, umemwambia nini mama?"

"Nimemwambia nitasubiri."

"Anacheka."

"Sawa," Adhiambo akasema. Akatia simu mfukoni mwa koti, akavaa tena glavu, akaendelea kuchuma, akianza na majani ya chini.