Kumchua Jasiri

Harufu ya samli inayopashwa moto ndiyo iliyokuwa ikiniamsha nyumbani kwetu Tinde, asubuhi za kipupwe, miaka ya tisini. Haikuwa ya chakula. Shangazi Kabula, dada yake baba aliyenilea, aliipasha kwa ajili ya mbwa wetu, Jasiri, aliyekuwa ameungua paja la nyuma. Kidonda kilikuwa kimepona, lakini kovu lilivuta ngozi, na kwa ile baridi mguu ulikakamaa, akawa anasimama akitetemeka, kisha anaketi tena. Mbwa aliyezoea kufuatana na ng'ombe hadi lamboni sasa hakuweza kufika hata zizini.

Niliyemuunguza ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi. Siku hiyo niliachiwa nyama ya wageni, nikaiacha wazi nikaenda kuruka kamba, na niliporudi Jasiri alikuwa anamalizia kipande cha mwisho. Maji ya ugali yalikuwa yakitokota mekoni. Nikammwagia. Shangazi aliporudi kutoka shambani akamkuta amejikunyata nyuma ya ghala, nikamwambia kwamba mbwa kala nyama, nikamfukuza, akakimbilia kwa Mama Shija, naye akammwagia maji ya moto. Juzi yake tu jirani yetu huyo alikuwa amelalamika kwamba Jasiri anawakimbiza kuku wake, kwa hiyo uongo wangu ulikaa vizuri. Mama Shija alikana mara moja tu, hakurudia tena. Shangazi akaacha kumsalimia, na safari zao za kuchota maji pamoja zikaisha.

Lakini asubuhi moja Mama Shija aliingia uani kwetu na kipande cha kanga kuukuu. "Kabula, sijaja kugombana," alisema. "Huyu mbwa akilia hivyo chai hainipiti kooni. Shija wangu alipoungua nilimchua mwaka mzima." Akaloweka kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akakiweka juu ya paja, akasubiri. Kisha samli, dole gumba likizunguka taratibu pembezoni mwa kovu, na mguu ukikunjwa na kunyooshwa kidogo kidogo. "Akigeuza kichwa, unaacha. Humlazimishi." Shangazi alipoingia ndani kuongeza maji, niliitwa nishike mguu. Mkono wangu ulipokaribia, Jasiri alijibana chini akajikojolea. Mama Shija aliutazama mkono, kisha akanitazama usoni.

"Kumbe ni wewe."

Nikainamisha kichwa.

"Basi utamchua wewe, mayu," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Mpaka asikuogope."

Shangazi alirudi na beseni. Nilingoja Mama Shija aseme, naye nadhani alingoja niseme mimi. Hakuna aliyesema. Mama Shija akaendelea kuja kila asubuhi, na shangazi akauchukua wema ule kuwa ni toba, akaanza kumjibu salamu. Nilimchua Jasiri hadi baridi ikaisha. Siku moja aliuweka mwenyewe mguu wake mapajani mwangu. Akaanza tena kwenda lamboni, ingawa hakukimbia tena kama zamani. Majirani wakanisifu kwamba nina huruma, na mimi nikazipokea zile sifa.

Leo ninaishi Geita, Kalangalala. Mbwa wetu amezeeka, nyonga zimekaza, na daktari wa mifugo amemwelekeza binti yangu amkande kwa kitambaa cha uvuguvugu na kumchua polepole. Yeye anadhani ni utaalamu mpya. Nilipomwona akimsemesha yule mbwa kwa upole, nilishindwa kukaa pale. Wiki hiyohiyo nilipanda basi hadi Tinde nikamweleza shangazi yote. Amekuwa mzee, macho yake hayaoni vizuri. Alipapasa ukingo wa kanga yake.

"Mama Shija tulimzika mwaka jana," alisema hatimaye. "Nilisimama kaburini, mbele ya wanawe wote, nikasema nimemsamehe."