Madirisha Saba ya Ghorofa

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nilitoka Unguja na darasa la nne na suruali mbili, nikafika Nizwa, Omani, sijui hata kuomba maji kwa Kiarabu cha kule, na kabla sijatimiza miaka arobaini nilikuwa na karakana yangu mtaa wa Firq, natengeneza madirisha ya alumini. Ukiona Nizwa dirisha linateleza bila kukwama, uliza, utaambiwa langu.

Nyumba niliijenga kwa jasho langu, vyumba kumi, majlisi mbili za kupokelea wageni. Mdogo wangu, aliyenifuata huku akawa dereva wa basi la skuli, hakujenga hata banda la kuku. Yeye alizaa tu, watoto saba. Halafu serikali ikajenga zile nyumba za shaabiya kwa wenye mishahara midogo, na yeye akapewa moja, vyumba vitatu na ua, mgongoni kabisa mwa nyumba yangu. Nikaenda ofisini kuuliza mbona mimi sikufikiriwa. Karani akaitazama saa yangu ya mkononi, akasema, "Ami, wewe ndiwe wa kuwapa wengine."

Hilo ningelimeza. Lakini mwezi uleule mama, aliyekuwa akikaa kwangu miaka sita, akafunga sanduku lake. Wanangu wawili walikuwa washahamia Maskati kutafuta kazi, kama vijana wengi wa mtaani kwetu, na mke wangu yuko Fanja akimuuguza mamake.

"Kwako pazuri, mwanangu," mama aliniambia. "Ila nashinda nazungumza na friji."

"Na kule utalala wapi? Vyumba vitatu, watu tisa."

"Nitalala na wajukuu. Wakinipiga mateke najua niko hai."

Basi nikipita jioni nasikia kicheko chake nyuma ya ukuta ule wa kupewa. Kwangu hakuwahi kucheka vile. Kaimati zake za Ijumaa zilizokuwa zangu sasa wanakula wale saba. Mimi naletewa tano kwenye kisahani, zishapoa.

Nikapandisha ghorofa. Watu niliwaambia ni ya wanangu wakirudi. Kwa kweli nilitaka mdogo wangu kila akiinua macho aione, na mama aone alichokiacha. Upande wa kwao nikatia madirisha saba makubwa, kioo cha buluu, kazi ambayo Nizwa nzima hakuna wa kuiweza.

Wiki haijaisha, mama akaja. Hakutaka kukaa.

"Madirisha yako yanatutazama uani," alisema. "Mke wa mdogo wako anaanika nguo kajifunika kama anakwenda sokoni. Na mimi siwezi kuvua mtandio kwangu."

Kwangu, alisema. Nyumba ile hana hata mwaka ndani yake.

"Rudi hapa," nikamwambia, "nitayaziba leo leo."

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama nikiiba sukari. "Unanipigia bei, baba? We ziba. Halafu uje ule na sisi, usikae na friji."

Nikayang'oa mwenyewe, yote saba, maana fundi angeyavunja. Hadi leo yameegemea ukuta wa karakana, hayaingii nyumba nyingine yoyote. Matofali ya kuzibia matundu, saruji, rangi na ujira wa mafundi wawili kwa siku tatu: riali mia mbili kumi na saba na baisa mia nne.