Kaburi la Mama na Lenzi Mbili

Kwamba mto Ruvuma ulikuwa unalikaribia kaburi la mama yetu pale Kitaya, nilisikia. Nafasi iliyobaki kati ya kaburi na maji, niliiona. Msomaji asiyachanganye mambo hayo mawili.

Mikindani, baada ya sala ya alfajiri, nilimuaga kaka yangu mkubwa, Salumu, ambaye miguu ilikuwa imekwisha kumkatalia. Bila idhini yake mifupa ya mama isingehamishwa. "Maiti hasumbuliwi kwa maneno ya watu," alisema. "Niletee picha." Nikachukua kamera na lenzi mbili: moja pana, ya kuingiza mengi katika picha moja, nyingine ya kawaida, isiyovuta wala kusukuma.

Lori nililopanda lilipopita Naliendele, mikorosho ilikuwa imejiinamia chini ya wingu zito. Dereva aliutazama mkoba wangu. "Mzee, unakwenda kupiga picha za harusi?" Nilimjibu kwamba nakwenda makaburini.

Kitaya, dada yetu mdogo, Mwanahawa, alinipokea bila tabasamu.

"Shikamoo, kaka. Ukingo umemeguka tena."

"Marahaba. Nionyeshe."

Makaburini nilianza na lenzi pana. Kaburi, mto, hata ng'ambo ya Msumbiji, vyote vilienea. Lakini lenzi ya namna hiyo husukuma mbali kila kilicho nyuma: mahali pasipotosha kutandika mkeka, Salumu angeona shamba la mihogo. Nikaivua. Ile ya kawaida ilionyesha umbali kama macho yangu yalivyouona, ila ilinitaka nirudi nyuma ili kaburi na maji viingie pamoja.

"Simama!" Mwanahawa alinidaka kanzu. "Hapo kalala baba mkwe wangu. Hata alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kumkanyaga."

Nikapiga magoti papo hapo, nikaisimamisha kamera wima, nikakubali kuuacha mto karibu wote nje ya picha. Dada alivua kanga ya juu, akafunga pindo moja kwenye ubao wa kaburi, akainyoosha kuelekea majini hadi pindo la pili likavuka ukingo. Nikapiga.

Mikindani, picha iliposafishwa, Salumu aliisogeza karibu na macho.

"Hata urefu wa kanga moja haukubaki?"

"Haukubaki, kaka."

"Basi mhamisheni mama."

Mvua ilitutangulia. Tulipokwenda, mimi na jamaa, na majembe na sanda mpya, maji yalikuwa yameikata barabara kabla ya Kitaya, nasi tukageuza. Watu waliosimama upande wa pili walitupazia sauti kwamba kaburi limekwenda na maji. Hayo nimeyasikia. Mimi nililiacha kaburi likiwa zima, na pindo la kanga ya Mwanahawa likining'inia juu ya maji.