Nilivyoshuka Bila Kuitwa

Jamani, hii habari nimeificha miaka mingi, na kama si Akinyi, rafiki yangu wa chuoni, kuja kwa harusi ya kakangu na kuanza kuisimulia mbele ya mashemeji (tena akiiga kwa mikono na miguu), ningezikwa nayo. Lakini maadamu imeshatoka, na imetoka ikiwa na chumvi nyingi, afadhali niieleze mwenyewe ili mnicheke kwa yale yaliyotendeka kweli. Ndiyo, nilining'inia hewani mbele ya wazazi na wageni, nimekumbatiana na gunia la mchanga lililovaa suruali. Ndiyo, hilo gunia lilikuwa na jina.

Mwaka ulikuwa 2008 na nilikuwa nasomea kukabiliana na majanga katika chuo kimoja kidogo hapa Nakuru. Sikuichagua hiyo kozi kwa bahati. Mwanzoni mwa ule mwaka, zile ghasia za baada ya uchaguzi zilipozuka, mama na mimi tulitoka nyumbani kwetu upande wa Molo na godoro moja na sufuria mbili, tukakaa kwa hema wiki kadhaa kabla ya kupata chumba kimoja mtaa wa Bondeni, na kule kwa mahema ndiko nilikowaona vijana waliovaa jaketi za kung'aa, wanajua maji yawekwe wapi, nani alale wapi, mtoto aliyepotea apelekwe kwa nani, wala hawapigi kelele. Nikasema moyoni, hii ndiyo kazi yangu.

Mama hakuipenda hata kidogo. "Mimi nimetoka kwa mkasa juzi tu," aliniambia, "na wewe unaenda kusomea mkasa?" Yeye alitaka niende ualimu kama binamu zangu, nishike chaki, nirudi nyumbani saa kumi. Na sikuweza kumjibu vibaya, kwa sababu mama wa wakati ule hakuwa yule niliyemzoea. Alipika, alienda kanisani, alijibu ukimwongelesha, lakini hakucheka. Mama yangu, ambaye kule nyumbani kicheko chake kilikuwa kinasikika mpaka kwa jirani wa tatu! Kilibaki huko pamoja na kuku wetu.

Basi chuo kilipotangaza siku ya wazazi kuja kuona tunavyofanya kazi, mama akaniwekea sharti lake. "Nitakuja nione na macho yangu. Nikiona ni kazi ya maana, endelea. Nikiona ni mchezo, Jumatatu tunaenda kuulizia ualimu." Alisema hivyo huku anachambua sukuma, bila hata kuinua kichwa, na hapo nikajua hatanii.

Sasa mwalimu wetu, Bwana Rono, alikuwa mtu wa zimamoto kabla ya kuwa mwalimu, na darasani alikuwa hakai. Tulijifunza kwa kufanya. Ukitaka kujua kubeba mgonjwa, utambeba mwenzako kwa machela kuzunguka uwanja mpaka mabega yakuombe msamaha. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba amri zote siku ya onyesho ziwe za Kiswahili, neno moja moja, kwa sababu mtu akiwa kwa moshi hana nafasi ya kusikiliza hotuba. Kazi ya kuchagua maneno akanipa mimi.

(Mimi ndiye niliyejiona mjuzi wa Kiswahili darasani. Nilikuwa nimepata alama nzuri shuleni, na sikumruhusu mtu yeyote asahau hilo.)

Nikachagua. "Kamba" ilikuwa kamba, "maji" yalikuwa maji, na amri ya kumwambia mwokoaji ateremke kutoka dirishani ikawa "shuka". Kamau, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha watakaosimama chini ya dirisha, akaniuliza kwa upole kabisa, "Lakini Nekesa, si ni poa tuseme teremka?" Nikamcheka. Nikamwambia, "Nani Nakuru anasema teremka? Ata makanga wa matatu anasema shuka. Wacha maneno ya kitabu." Wenzangu wakacheka, na mimi nikatembea siku nzima nikijisikia mtu wa maana.

Onyesho lenyewe lilikuwa hivi. Bweni la ghorofa linaungua (moshi ulitoka kwa pipa la nyasi mbichi tuliloliweka chini ya dirisha), na ndani ya chumba cha juu kuna mgonjwa. Mgonjwa alikuwa Mzee Gunia, ambaye tulimshona wenyewe, tukamjaza mchanga mpaka uzito wake ukawa sawa na wangu, kisha tukamvika shati kuukuu na suruali tuliyookota nyuma ya jikoni. Juu ya dirisha tulifunga puli, na kamba ikapita pale. Ncha moja amefungwa Mzee Gunia, ncha nyingine imefungwa kwenye mkanda wangu wa kiunoni. Mimi na Akinyi tungemteremsha mzee polepole, Kamau angemfungua kule chini, angeishika ile ncha yake imara pamoja na vijana wawili, halafu angeniita nishuke huku wao wakiachilia kamba kidogo kidogo. Na baada ya kufunguliwa, mzee angefunikwa shuka iliyolowa maji, kama mtu aliyeungua. Shuka hiyo alikuwa ameishika msichana aliyejiunga na chuo juzi tu, amesimama kando na ndoo yake.

Naona mmeshaanza kucheka. Ngojeni basi.

Siku ikafika, baridi ya Julai inauma, viti vimepangwa uwanjani. Mbele kabisa alikaa Bwana Singh, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, ambaye ndiye aliyetupa kamba na puli. Viti viwili nyuma yake alikaa mama, na kikapu chake kwa magoti, ameshika mkono wa kikapu kama mtu ambaye anaweza kuondoka wakati wowote. Nilimwona kutoka dirishani kabla moshi haujapanda. Nikampungia mkono. Hakunipungia.

Tukamteremsha mzee vizuri, taratibu, mpaka nikasikia watu wakisema "aaah" kule chini. Nikapanda kwenye kizingiti cha dirisha, nikageuka mgongo nje kama tulivyofundishwa, nikangoja amri. Moshi ulikuwa umejaa, sikuona uwanja wala Kamau wala mama. Nilikuwa na masikio tu.

Kule chini (haya niliyajua baadaye) Kamau aliinama kumfungua Mzee Gunia akakuta fundo limekaza kwa sababu ya uzito. Akaona muda unaenda na wageni wanaangalia, akafikiri afadhali mgonjwa afunikwe kwanza huku yeye anahangaika na fundo. Akainua kichwa, akaita kwa sauti yake yote: "Shuka!"

Yule msichana wa ndoo akasikia "shuka", akainua macho kuniangalia nikishuka. Hakusogea.

"Shuka!" Kamau akarudia. "Shuka! We unangoja nini? Shuka haraka!"

Sasa mimi mtu aniulize ninangoja nini, mama yangu akiwa pale amekaa? Nikajisukuma.

Kitu cha kwanza nilichohisi ni kwamba kamba ilikuwa inaachiliwa haraka kuliko siku za mazoezi. Kitu cha pili nilichoona, katikati ya moshi, ni mtu anapanda. Anakuja juu, kimya, mikono imelegea, ananikaribia uso kwa uso, na kabla sijaelewa ni nani tukagongana vifua, kulabu ya mkanda wangu ikamshika shati, na tukasimama hapohapo. Yeye hashuki, mimi sishuki. Si nimewaambia tulimpima mpaka akawa sawa na mimi?

Upepo ukapeleka moshi kando, na uwanja mzima ukatuona.

"Shuka!" Kamau akaita tena, maana alikuwa bado amemgeukia yule msichana na hajaona kwamba mgonjwa ameondoka.

"Nashuka!" nikamjibu. "Nashuka Kamau, lakini mzee amenishika!"

Watu wakapiga makofi. Bwana Singh alisimama kabisa, akamwambia jirani yake, "Very good, angalia, anabeba mgonjwa kwa hewa!" Na mimi badala ya kutulia (ndiyo kitu cha kwanza tulichofundishwa, kutulia) nikaanza kurusha miguu nijinasue, tukaanza kuzunguka, mimi na mzee, kama watu wanaocheza dansi harusini, na suruali yake ikaanza kuteremka. Ikateremka mpaka magotini. Kutoka nyuma ya viti nikasikia sauti ya mlinzi wa geti: "Ati nini? Hiyo si long'i yangu ilipotea kwa kamba ya nguo?"

Hapo ndipo niliposikia sauti ya mama. "Nekesa! Mtoto wangu wee!" Wengine wote walidhani ni onyesho, yeye aliijua sauti yangu. Niliposikia vile alivyoniita, aibu yote ikaniisha nikabaki na uchungu tu, kwa sababu mara ya mwisho aliponiita hivyo tulikuwa tunakimbia. Nikawaza, nimemleta mama yangu hapa kumtisha upya.

Nikampiga mzee teke. Naungama, mwokoaji aliyevaa jaketi ya kung'aa alimpiga mgonjwa wake teke la tumbo mbele ya wananchi, na si moja. Mshono ukaachia, na kulabu yangu ikachomoka kwa shati lake. Mchanga ukaanza kumwagika, kwanza kidogo, halafu kwa wingi, wote ukimwendea Kamau kichwani, na kadiri mzee alivyopungua ndivyo yeye alivyopanda na mimi nilivyoshuka, kwa heshima kabisa, mpaka karibu na ardhi ambapo alikuwa amebaki shati na suruali ya mlinzi, akapaa mbio hadi kwenye puli, nami nikakaa chini kwa kishindo.

Na yule msichana wa ndoo, ambaye alikuwa ameambiwa amfunike atakayefika chini kwa kamba, akakimbia na shuka yake iliyolowa maji baridi ya Julai, akanifunika kuanzia kichwa hadi miguu.

Nililala pale chini ya shuka nikasema, Mungu, nichukue sasa hivi. Nikasikia miguu inakuja mbio, mtu akapiga magoti, pembe ya shuka ikainuliwa, na uso wa mama ukatokea. Akanishika mashavu, akanigusa shingo, mikono, magoti. "Umeumia wapi?" Nikamwambia, "Hapana mama. Nimeaibika tu." Akaniangalia. Akainua macho kule juu, ambako suruali ya mlinzi ilikuwa inapepea kwa puli. Akamwangalia Kamau, ambaye kutoka nywele mpaka viatu alikuwa rangi ya mchanga.

Kikaanza kama kikohozi. Nilidhani analia. Halafu kikatoka chenyewe, kile cha Molo, cha kusikika kwa jirani wa tatu, akakaa chini kwa nyasi na nguo zake za kanisani akacheka mpaka akashika mbavu, na mimi ndani ya shuka nikaanza kulia na kucheka pamoja naye.

Mngedhani Bwana Rono angewaaga wageni haraka aifiche aibu. Wapi! Akatuita tukae duara palepale kwa nyasi, wazazi wakituangalia, akasema, "Hapa hatutafuti mtu, tunatafuta kosa. Kila mtu aseme alisikia nini." Kamau akasema aliita shuka ya kufunika. Msichana akasema yeye alisikia mtu anaambiwa ashuke. Mimi nikasema nami nilisikia hivyohivyo, na kwamba neno nililichagua mimi, na kwamba Kamau aliniambia nikamcheka. Hilo la mwisho nililisema nikiangalia nyasi. Kamau akajipangusa mchanga kwa jicho akasema, "Ni sawa tu. Ata mimi ningeangalia fundo kwanza."

Jioni, Bondeni, mama alikuwa anasonga ugali nami nimekaa kitandani nikingoja hukumu. Sikuwa na tumaini. Nilikuwa nimeshaanza kujiona nimeshika chaki.

"Nilikuja kuona kama mnajua kazi," akasema. "Hamjui."

Nikasema, "Ndiyo mama."

Akageuza ugali, akaupigapiga. "Lakini mlikosea, mkakaa chini, mkaulizana. Huyu akasema ni mimi, huyu akasema hata mimi. Hakuna mtu alipiga mwingine." Akapangusa mwiko kwa ukingo wa sufuria. "Mwaka huu mzima sijaona watu wakifanya hivyo."

Akapakua ugali. Aliponipa sahani alikuwa anatabasamu.

"Endelea na kozi yako. Lakini hilo neno mlibadilishe."

Tulilibadilisha. Na mimi nimeapa, tangu siku ile, silitumii hata nje ya kazi. Ya kitandani naiita "ile ya kujifunika". Nikifika kituo namwambia makanga, "Nateremka hapa, tafadhali," naye ananiangalia kama mgeni aliyetoka Mombasa asubuhi hiyo, abiria wanacheka, na mimi nateremka zangu polepole, baada ya kuhakikisha kwamba aliyeniambia niteremke alikuwa anaongea na mimi.