Swali la Nyanya kwa Mwalimu

Makuti yakilowa mvua, harufu yake hunirudisha Muyeye, chumbani kwa nyanya yangu. Alikuwa amevimba goti, hatoki kitandani. Mwalimu wetu wa kanisani, mwanamke aliyetoka bara, alikuja kuomba niruhusiwe kubatizwa. Nyanya hakuwa Mkristo. Aliitikia shikamoo yake, lakini hakumkaribisha kiti.

"Mtoto asema Mungu wenu alichagua kabila moja," alimwambia. "Walimpa nini?"

"Hawakumpa kitu, nyanya. Walikuwa wachache, wanyonge. Aliwapenda tu, akawachagua ili kupitia kwao awafikie wengine wote."

"Aliyechaguliwa hakosi la kusema. Hata chifu ana watu wake, na sisi wengine twangoja kufikiwa mpaka leo."

Nilivitazama viatu vya mwalimu vilivyong'aa, nikaona nyanya asema kweli. Wenye viatu kama vile ndio waliokaa mbele kanisani.

Mwalimu aliuliza kisima kiko wapi, akavua viatu, akachukua ndoo tupu iliyokuwa mlangoni. Nyanya aliniashiria nimfuate, nione kama atamtafuta mtu wa kumbebea. Hakumtafuta. Hakuzoea kubeba kichwani, kwa hiyo aliikumbatia ile ndoo kifuani njia nzima, gauni lake la kanisani likalowa.

Nyanya aliyanusa maji kwanza, akayaonja kwa ncha ya ulimi, ndipo akanywa.

"Kesho arudi," alisema, akinitazama mimi, si mwalimu. "Nitamuuliza tena."