Kinyozi Aliyeijua Sauti ya Muuza Utabiri

Nyinyi mnaowacheka waliofilisika kwa kubeti mnaniudhi, maana wanaowauzia utabiri hamuwacheki.

Shemeji yangu kinyozi alikuwa na saluni yake. Akajiunga na kundi la simu la jamaa anayeuza matokeo ya mechi. Sura hakuijua, sauti tu. Mwanzoni alishinda, na aonjaye asali huchonga mzinga. Kisha akapoteza mfululizo hadi akaiuza saluni. Sasa ananyoa humohumo kama kibarua.

Juzi kaingia mteja. Mashine imefika katikati ya kichwa, mteja akashika simu akarekodi: "Familia yangu, leo ni uhakika, wekeni vyote!"

Shemeji aliijua ile sauti. Akazima mashine.

"Vipi kaka, mbona umeacha?"

"Upande uliobaki utajinyoa wenyewe. Ni uhakika."

"Acha utani, watu wananisubiri!"

"Hata mimi nilisubiri. Shuka kwenye kiti changu."

Akatoka na nusu kichwa, na vinyozi wote ninaowajua nimeshawaambia wasimmalizie. Ukikutana na muuza utabiri kavaa kofia, tafadhali mvue, mpige picha, unitumie.