Shomoro Katika Geti la Mkunga

Mtaa mzima ulimwita Radi. Jina hilo hakujipa mwenyewe. Lilitokana na kazi yake ya kuchomea mageti na madirisha, na pia na sauti yake, maana akikuamkia tu ungedhani unadaiwa ugomvi. Mkewe, mshonaji aliyeweka cherehani yake kwenye kibaraza cha karakana hiyohiyo, alikwisha kuzoea kuwatuliza wateja wapya: "Msimwogope. Koo lake na moyo wake havijawahi kukutana."

Asubuhi moja mke alimkuta ameinama mbele ya geti lililoegemezwa ukutani, jicho kalibandika kwenye tundu la kupitishia mkono, katulia tuli kama mtu anayesikiliza siri za jirani. Geti lilikuwa tayari, limekwisha kupakwa rangi, linamsubiri mwenyewe: mkunga mstaafu wa mtaa wa pili, mama asiyependa kungojeshwa.

"Kuna nini humo?"

Radi akaweka kidole mdomoni. Tangu amwoe, mke hakuwahi kumwona akifanya hivyo.

"Shomoro," alinong'ona, na mnong'ono wake ukasikika mpaka barabarani. "Katagia kwenye kisanduku cha kufuli."

Mke naye akachungulia. Aliona majani makavu, manyoya ya kuku, na katikati yake nyuzi za buluu alizozitambua mara moja. Zilikuwa zake, za sare za shule alizokuwa akishona.

"Kumbe mwizi wangu ndiye huyu!"

"Shh! Amelala mzazi."

Siku hiyohiyo Radi aliikokota mashine yake kutoka kivulini hadi upande wa pili wa uwanja, juani kabisa, ili cheche zisimfikie ndege na mlio wa grenda ya kukatia vyuma usimtie kiwewe. Mke alidhani jua likiwaka vizuri atarudi mwenyewe. Hakurudi. Alichoma vyuma huku jasho likimtiririka, na wapita njia wakamtania kwamba Radi siku hizi anaatamia. Yeye alicheka nao, akaendelea.

Wakati wa chai aligeuza kopo la rangi akalifanya kiti, akakaa kuwatazama shomoro wake. Mayai yalipoanguliwa, dume na jike walishinda wakipishana angani, huyu akiingia na kiwavi, yule akitoka.

"Mwone baba mtu," Radi alimwambia mkewe. "Hana mikono, lakini hajarudi nyumbani mikono mitupu hata mara moja."

Mke akamtazama mumewe, si ndege. Aliishi na mtu huyu miaka yote, na kumbe bado kulikuwa na vyumba vya nafsi yake ambavyo hakuwahi kuingia.

Mkunga alipokuja, alikuja amevimba.

"Nyie mafundi nyie! Kila siku kesho, kesho! Kesho yenu haijui kukucha?"

Radi, ambaye kwa kawaida angejibu mpaka mabati yatetemeke, alishusha kinyago chake cha kuchomea akajificha nyuma yake. Ikabidi mke ashuke kibarazani.

"Shikamoo mama. Hebu njoo uone mwenyewe kwanza."

"Marahaba. Nione nini, na geti langu liko pale limekamilika?"

Lakini akainama. Wakati huohuo jike alitua na mdudu mdomoni, na humo kisandukuni vinywa vya manjano vikafunguka kwa pamoja, vikilia njaa. Mkunga alibaki ameinama mpaka kiuno kikamlalamikia.

"Hamjaingiza mkono?" aliuliza kwa sauti nyingine kabisa.

"Hapana, mama."

"Msiingize." Kisha akakumbuka hasira yake. "Sasa mimi nilale nyumba wazi kwa ajili ya shomoro? Basi hata angekuwa tausi!"

Kinyago kikapanda. "Mama, kwa tausi nisingekuchelewesha. Tausi ana watu wa kumjengea."

Mkunga alijitahidi asicheke, akashindwa. Alasiri hiyo Radi alikwenda kumfungia mabati ya muda pale penye pengo la ukuta wake. Tangu hapo yule mama akawa mgeni wa karakana. Kila alipoulizwa, alisema amekuja kukagua geti lake.

Mchana mmoja kinda mmoja alianguka kabla mabawa hayajakomaa. Paka wa jirani, aliyekuwa akisinzia juu ya rundo la vyuma chakavu, alifumbua macho. Radi aliacha dirisha la mteja likining'inia, akavuka uwanja kwa ukelele uliompeleka paka mtaa wa tatu. Akavua glavu zake ngumu, akamwokota kinda kwa mikono mitupu. Mke aliitazama mikono ile, iliyojaa madoa ya cheche za miaka mingi, na kinda akiwa amejikunyata humo, moyo ukimdunda chini ya manyoya machache. Radi alimrudisha taratibu kupitia tundu.

"Kaa na ndugu zako, wewe. Haraka ya nini?"

Siku makinda waliporuka, Radi hakuwepo. Alikuwa ameenda dukani kununua vijiti vya kuchomea. Aliporudi alikuta kimya, na mkewe amesimama katikati ya uwanja na tepu ya kupimia shingoni.

"Wameondoka?"

"Wameondoka, mume wangu."

Aliketi juu ya kopo lake. "Nimewalinda muda wote huu, wakangoja nigeuze kisogo!"

Mke akamsimulia: mama mtu alivyokaa juu ya ukuta na kiwavi, akiwaita badala ya kuwapelekea, wa kwanza alivyotoka akaangukia mfuko wa saruji, akajikung'uta, akapaa hadi bati la jirani.

"Na yule aliyeanguka, aliruka vizuri?"

"Sikumjua ni yupi. Wote waliruka."

Kesho yake geti lilifungwa kwa mkunga. Jioni, wakila, Radi alisukuma sahani pembeni.

"Hebu nisimulie tena. Yule wa kwanza."

Mke akanyanyua mikono yote miwili ili amwonyeshe vizuri, akaanza upya, na safari hii akatia chumvi kidogo.